Fanicha na sanaa za asili nyumbani: uanze na nini, kipi kisubiri, kipi uache

Siku tatu mfululizo nilifagia unga chini ya kigoda changu kipya, laini kama wa ngano, nikidhani ni vumbi la ukuta. Siku ya nne nikakigeuza juu chini. Miguu ilikuwa imejaa vitundu vya milimita moja au mbili, na ndani ya kila kitundu mbao bado ilikuwa nyeupe. Bungua, wadudu watoboao mbao, tena walio kazini. Muuzaji alikuwa amekisifia sana kuwa ni cha kale. Kumbe ukale wote ulikuwa wa polishi nyeusi.

Tangu hapo sinunui kitu cha asili kabla sijakiona chini, na mpangilio ufuatao nimeupanga kwa msingi huo. Kinachotangulia ni kile ambacho mnunuzi wa kawaida anaweza kukikagua mwenyewe na atakitumia kila siku.

1. Benchi la mbao halisi

Benchi linaongoza kwa kuwa halina pa kuficha kosa. Ni ubao wa kukalia, miguu, na pengine ubao mmoja wa kuunganisha miguu hiyo. Likikosa nafasi mezani, utalihamishia mlangoni pa kuvulia viatu au miguuni pa kitanda.

Ligeuze. Unachotafuta ni ulimi wa mguu ulioingia kwenye tundu la ubao wa juu. Bora zaidi ni ulimi unaotokeza hadi juu na kukazwa kwa kabari, kwa sababu ukilegea, kabari inagongwa tena na kazi imekwisha. Miguu iliyoshikwa kwa skrubu mbili tatu hucheza mapema, na kila ukiikaza tundu linazidi kupanuka. Shika ncha mbili za benchi ulinyonge kidogo kama unayekamua nguo. Likilia, liache.

Halafu itazame ncha ya ubao, pale msumeno ulipokata. Kwenye mbao halisi, mistari unayoiona juu inashuka na kuendelea hapo nchani. Kwenye vinia, yaani ganda jembamba la mbao lililobandikwa juu, mchoro unakatika ghafla ukingoni, na chini yake kuna chengachenga zilizogandishwa kwa gundi.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi ni ukavu. Mbao ya kukaa ndani inafaa iwe na unyevu wa karibu asilimia 8 hadi 12. Ikiwa mbichi, itapinda au kupasuka ikishazoea hewa ya chumba chako, na wakati huo muuzaji keshakusahau. Kipimo cha unyevu ni kifaa kidogo chenye sindano mbili, na karakana makini inacho. Fundi akishangaa kuulizwa, jaribu kwingine.

Kimo cha kukalia kiwe karibu sentimita 45 kwa meza ya 75. Kila mtu mpe sentimita 60 za upana. Benchi la 180 linakalisha watatu bila kugombana viwiko.

2. Vikapu na mikeka

Hapa ukikosea hasara ni ndogo, ndiyo maana nimevitanguliza kabla ya meza. Kwenye kikapu, angalia kitako, pale msuko ulipoanzia, kisha ukingo: ncha za nyuzi ziwe zimechomekwa ndani na kufichwa, zisiwe zimekatwa tu kwa mkasi. Kama kimetiwa rangi, sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kitambaa kikitoka na rangi, na ukuta wako utatoka nayo.

Ukishuku wadudu, kifunge kikapu kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na ukiweke kwenye friza ya nyuzi joto -18 kwa wiki mbili. Ukikitoa, usiufungue mfuko mpaka kikapu kipoteze ubaridi wote, la sivyo umande utatua juu yake na utakaribisha ukungu.

3. Meza ya kulia

Meza ndiyo inayopendeza kuliko vyote na ndiyo inayouma zaidi ukikosea. Ubao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake. Kwa urefu hausogei hata kidogo cha kukusumbua. Meza ya sentimita 90 kwa upana inaweza kusogea karibu sentimita moja kati ya msimu wa mvua na wa kiangazi. Kwa hiyo ingia chini yake. Skrubu zinazoshika ubao wa juu ziwe kwenye matundu marefu, au ubao ushikwe kwa vishikizo vya mbao vinavyoteleza. Ukikuta umegandishwa kwa gundi pande zote, ufa uko njiani.

Ufa wa zamani uliojaa vumbi na weusi usikutishe, umeshatulia. Ogopa ufa mweupe.

4. Vinyago na vitu vya kupaka rangi

Weka viwili vya aina moja ubavu kwa ubavu. Farasi wa mbao wa Dalarna, Uswidi, bado wanapakwa rangi kwa mikono kijijini Nusnäs: nakshi ni ile ile, lakini mkupuo wa brashi haurudiwi. Vikifanana kama mapacha, umenunua cha mashine. Cha zamani chenye rangi inayobanduka kiwekwe mbali na watoto, na usikipige msasa. Rangi hiyo huenda ina risasi, madini yenye sumu: Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi ya aina hiyo kwenye nyumba na fanicha mwaka 1978 tu.

5. Mitungi na vyungu

Gonga kwa kifundo cha kidole. Mzima unalia, wenye ufa unatoa sauti butu. Kama huijui rangi yake ya kung'aa, uwe pambo tu, chakula kisiingie.

Mwisho kabisa: vilivyochakazwa makusudi

Kuchakaa kwa kweli kuna mahali pake: ubao unaokanyagwa, ukingo unaoshikwa, pembeni mwa kishikio cha droo. Pembe zote zikiwa zimelika sawasawa, hiyo ni kazi ya msasa. Nimeona hata meza iliyotobolewa vitundu vya bungua kwa keekee, vyote kwenye mstari ulionyooka. Bungua hapangi foleni.

Kama umbo umelipenda, muulize fundi kama analo ambalo halijasuguliwa. Mara nyingi ni fanicha ile ile, na pembe zake zitalainika zenyewe ukishaanza kuitumia.