Blossom Protect: hamira inayolinda ua bila kumfukuza nyuki

Ua la mtufaha likishafunguka halikai tupu. Nyuki akitumbukiza ulimi mara moja tu, anaacha kwenye nekta hamira na bakteria aliowabeba kutoka maua mengine. Blossom Protect inatumia hali hiyohiyo. Ni unga wa Aureobasidium pullulans, kuvu wa jamii ya hamira, wa aina mbili (DSM 14940 na DSM 14941). Hupulizwa wakati wa maua ili uwahi nafasi kabla ya Erwinia amylovora, bakteria anayeunguza maua na matawi ya mitufaha na mipeasi.

Ufundi wake unanivutia sana. Erwinia huzaliana kwanza juu ya stigma, ncha ya ua inayopokea chavua. Umande mzito au manyunyu yakimteremsha hadi kwenye kikombe cha ua, anapenya mtini kupitia vitundu vinavyotoa nekta. Hamira inajaa palepale kwenye kikombe na kula sukari ileile, hivyo bakteria akifika anakuta chakula kimeliwa. Pakiti ya pili, Buffer Protect (bafa), hushusha pH, yaani huongeza uchachu, hadi kiwango ambacho hamira inakivumilia na bakteria anadhoofika. Uwiano ni sehemu 7 za bafa kwa 1 ya hamira, yaani takriban kilo 10.5 kwa kilo 1.5 kwa hekta. Anza na bafa kwenye maji, iyeyuke yote, ndipo uongeze hamira huku tangi likikorogwa. Wanaopunguza bafa ili kubana matumizi wanajinyima sehemu ya kinga.

Lebo inataja hatua nne: maua yakiwa yamefunguka asilimia 10, 40, 70 na 90. Ua lililofumba halipati kitu, ndiyo maana kupiga mara moja hakutoshi. Nyuki husaidia kuziba pengo kwa kubeba hamira hadi kwenye maua mapya. Lakini nyuki huyohuyo hubeba na Erwinia, kwa hiyo ukichelewa, adui ndiye anayefikishwa kwanza.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni dawa za ukungu. Hamira ni kuvu, na captan au mancozeb haitofautishi kuvu mwema na mbaya. Streptomycin, ambayo ni antibiotiki, haiigusi hamira, kwa sababu inaua bakteria tu. Anayepunguza maua kwa chokaa na salfa apige hamira baadaye, kamwe si kabla. Osha tangi vizuri pia. Mabaki ya dawa ya jana yanatosha kukupa mchanganyiko mfu ambao kwa macho unaonekana mzima.

Udhaifu wake upo kwenye ganda la tunda. Hali ya hewa ikiwa na unyevu mwingi, matunda ya ganda laini, hasa ya rangi ya kijani au njano, yanaweza kupata mabaka ya kahawia yenye kukwaruza. Tunda linabaki salama kuliwa, ila daraja lake sokoni linashuka.

Kuhusu nyuki, tuwe wakweli. Jaribio lililochapishwa mwaka 2014 lilionyesha kwamba nyuki wa asali waliepuka nekta yenye bakteria wa aina tatu, mmojawapo Erwinia tasmaniensis, ndugu wa huyu mharibifu. Nekta yenye hamira ya Metschnikowia reukaufii hawakuikwepa. Hiyo ni sababu nzuri ya kupendelea hamira kwenye ua, lakini Metschnikowia siyo Aureobasidium. Muuzaji akikuambia unga huu utaongeza uchavushaji, anakuuzia kisichomo kwenye pakiti. Inunue kama kinga ya ugonjwa.

Kwa shamba la mitufaha lisilotumia antibiotiki, naipa nafasi ya kwanza. Kwa mipeasi ya ganda laini mahali penye mvua nyingi wakati wa maua, anza na safu mbili tu, uyakague matunda yake wakati wa kuvuna kabla ya kuagiza ya shamba zima.