WorldCover mkoani Tanga: mikoko inaiona, mkonge inaupotezea

Fungua WorldCover, ramani ya Shirika la Anga la Ulaya (ESA) inayoonyesha kinachofunika ardhi ya dunia nzima, sogea hadi Muheza, utadhani wilaya ni msitu. Kumbe mengi ya hayo ni michungwa na minazi. Kompyuta haijakosea, ndivyo makundi yalivyopangwa. Penye miti inayofunika asilimia 10 au zaidi ya ardhi, pikseli (kimraba kimoja cha ramani) hupewa namba 10, miti, na mihogo iliyo chini ya minazi haihesabiwi. Namba 40, mazao, ni ya mazao ya msimu tu, yanayopandwa na kuvunwa ndani ya miezi 12. Mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, unakaa shambani miaka mingi, kwa hiyo hauna kundi lake. Tarajia kuukuta umetawanyika kwenye vichaka, nyasi, na hapa na pale mazao. Anayechukua namba 40 akaiita "kilimo cha Tanga" ameyaacha nje mazao yenyewe ya mkoa.

Kwa mikoko ni habari nyingine: ina namba yake, 95, na kwa pikseli ya mita 10 hata ukanda mwembamba kando ya mkono wa bahari unaonekana. Mashamba ya chumvi jirani yake hayana namba; yanagawanyika kati ya ardhi tupu (60) na maji (80), maana maji huhesabiwa ya kudumu yakikaa zaidi ya miezi 9 kwa mwaka.

Bei ni bure, hata kwa kazi ya biashara, mradi utaje chanzo. Angalizo la kupakua: vipande ni vya digrii 3 kwa 3, na mstari wa digrii 39 mashariki unapita kati ya Muheza na Tanga mjini. Unahitaji kipande cha S06E036 na cha S06E039 pia. Viunganishe kwenye QGIS, programu ya ramani, kata kwa mpaka wa wilaya, kisha hamishia EPSG:32737, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, ndipo upime eneo; pikseli 100 za mita 10 ni hekta moja. Kwenye kuhamisha chagua njia ya jirani wa karibu (nearest neighbour). Ukichagua ya wastani, mti (10) na jengo (50) vinazaa 30, na mji unaota nyasi ambazo hazipo.

WorldCover ina toleo la 2020 na la 2021; usitoe ramani ya 2020 kwenye ya 2021 ukasema msitu umepungua. Kanuni za kuchora zilibadilika kati ya matoleo hayo, na ESA wenyewe wanaonya. Usahihi wa 2021 ni asilimia 76.7, lakini huo ni wa dunia nzima. Wa kwako upime kwa nukta za nasibu, angalau 50 kila kundi, ukizilinganisha na picha kali za Google Earth. Mistari ya mkonge inaonekana humo vizuri.

Anayetafuta sababu za mabadiliko hatazipata kwenye miaka miwili. Mkonge uliporomoka kwa nyuzi za viwandani, na mashamba mengi yalitaifishwa baada ya 1967. Setilaiti ya Landsat 5 ilianza 1984, kwa mita 30, kwa hiyo inaonyesha tu yaliyofuata. Chagua picha za Januari na Februari, kabla ya mawingu ya masika, uzilaze juu ya mipaka ya zamani ya mashamba.