Pungu au tumbusi mgongo-mweupe?

Angani Serengeti wengi huwaita wote tai, ingawa pungu ndiye aina ya tai na tumbusi ni ndege mla mizoga. Anza na mkia. Wa pungu aliyekomaa ni mfupi mno hata miguu myekundu huchomoza nyuma yake. Mabawa huyainua kama herufi V, akiyumba kushoto na kulia mithili ya mlevi. Tumbusi huyatandaza karibu bapa, zaidi ya mita 2 ncha kwa ncha, na akigeuka mgongo mweupe humulika (tumbusi ambaye hajakomaa hana).

Rangi ya chini ya bawa hudanganya: pungu dume na tumbusi wote ni weupe mbele, weusi nyuma. Tazama karibu na ncha: kwa dume weupe huendelea, kwa tumbusi ni giza tupu. Pungu jike ana ukingo mwembamba tu mweusi.

Kinda la pungu ni kahawia, mkia mrefu zaidi. Huyo mtambue kwa kuyumba.