Pampu ya Kupima Presha ya Rejeta: Kulanti ya Gari Kuukuu Inakwenda Wapi?

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Kilicho mbele yangu leo ni pampu ya mkono ya kupimia presha ya rejeta, nami nasema mapema kwamba imenifurahisha kuliko kifaa chochote nilichowahi kukiweka juu ya meza hii. Kwa miezi 3 nimekuwa nikiongeza kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, kwenye gari langu la mwaka 1999, kikombe kimoja leo na kingine baada ya siku 10, huku nikijifariji kwa ule usemi kwamba gari likizeeka hunywa maji. Gari halinywi maji. Mfumo wa kupozea injini umefungwa, na kulanti ikipungua ndani yake basi imepata pa kutokea.

Sitawasomea yaliyoandikwa kwenye boksi. Ndani yake mna pampu, geji, hosi fupi na adapta kadhaa za kufungia kwenye shingo ya rejeta. Twendeni kwenye gari.

Injini haijawashwa tangu jana jioni na ni baridi kabisa, na hilo ni sharti lisilo na mjadala. Kulanti iliyo chini ya presha inaweza kupata joto linalopita kiwango chake cha kawaida cha kuchemka bila kuchemka, na ukiuondoa mfuniko wakati huo presha hushuka ghafla, kulanti ikafoka na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Nimeujaza mfumo hadi shingoni, nimefunga adapta, na sasa ninapampu. Tazameni mshale wa geji, unaosoma kwa bar: 0.3, 0.6, 0.9. Mfuniko wa gari hili umeandikwa 1.1, kwa hiyo nitaishia hapo. Msipitishe kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wenu, hasa ikiwa rejeta ina vichwa vya plastiki, kwa sababu plastiki iliyopikwa na joto kwa zaidi ya miaka 20 hupasuka kwenye maungio.

Sasa naomba tutulie pamoja, maana hiki ndicho ninachokipenda katika kifaa hiki. Gari likiwa safarini, tone linaloangukia chuma cha moto hukauka papo hapo na kuacha doa tu, ndiyo maana nimewahi kulala chini ya gari hili mara nne nisione kitu. Hapa injini imezimwa, feni imetulia, presha ni ileile ya safarini, lakini tone linabaki kuwa tone. Dakika ya kwanza mshale uko kwenye 1.1. Dakika ya pili umesogea kiasi cha unene wa mstari, na mtu mwenye haraka angesema haujasogea. Dakika ya tano unasoma 0.9.

Ninarudisha presha, ninachukua tochi na kioo kidogo cha mkononi. Hosi ya juu ni kavu. Hosi ya chini nayo ni kavu, ingawa kwenye klempu yake pana chembe nyeupe za zamani. Sogezeni macho hapa sasa, chini ya puli ya pampu ya maji. Mnaliona lile tundu dogo, kiasi cha kuingiza njiti ya kiberiti? Limewekwa makusudi na watengenezaji, ili sili ya pampu ikichakaa kulanti itoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Kwenye mdomo wake pana ukoko wa kijani, na juu ya ukoko huo tone linajikusanya, linavimba, linaning'inia, linadondoka. Nimehesabu sekunde 40, na hili hapa la pili. Miezi 3 ya vikombe imepitia kwenye tundu hili!

Ingekuwa nje ni kavu kote na mshale bado unashuka, ningepapasa zulia chini ya dashibodi, kwa sababu hita inayovuja hulowesha hapo, huacha harufu tamu ndani ya gari na kukifanya kioo cha mbele kishike ukungu wa mafuta mafuta. Nako kukiwa kukavu, shaka inahamia kwenye gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia kulanti isiingie kwenye silinda, na hapo ni busara kuchomoa plagi na kuangalia kama kuna silinda iliyolowa kabla ya kumwita fundi.

Kinachoniudhi ni adapta. Zimetiwa alama hafifu zisizosomeka, na ile niliyoitumia kwanza ilikuwa ikivuja yenyewe kwenye mpira wake, kiasi kwamba jaribio langu la kwanza lilinionyesha uvujaji ambao injini haikuwa nao. Kwa hiyo pakeni povu la sabuni kwenye maungio ya kifaa kabla hamjalilaumu gari, na mpira wa adapta ulowesheni kidogo ili ukae vizuri. Kifaa cha kupimia hakikupaswa kuja hivi.

Hata hivyo, hasira yangu ilipoa nilipofunga mfuniko wenyewe kwenye adapta ya upande wa pili. Ninapampu, na kabla sijafika mbali, sikieni: unaachia kwenye 0.5, ilhali umeandikwa 1.1. Tofauti hiyo si ndogo. Maji matupu yaliyobanwa kwa presha ya 1.1 juu ya ile ya hewa huchemka karibu na nyuzi 122, lakini kwa 0.5 huchemka karibu na nyuzi 112, kwa hiyo mfuniko huu umeninyang'anya nyuzi 10 za usalama bila taa yoyote kuwaka. Ugeuzeni muone: mpira umebonyea, umekakamaa na una nyufa za nywele. Katikati kuna vali ndogo ambayo injini ikipoa huruhusu kulanti irudi kutoka kwenye tangi la akiba. Ikikwama, hosi hunyonywa zikabonyea kama bomba la kunywea soda. Nilianza video hii nikidhani uhondo wa kifaa uko kwenye rejeta, na sasa naona ningekinunua kwa ajili ya mfuniko peke yake.

Kuhusu washindani wake, rangi inayong'aa kwa taa ya zambarau inafaa pale uvujaji unapotokea injini ikiwa moto tu, ila inahitaji uendeshe gari kwanza. Zile dawa za kuziba matundu sizishauri, kwa kuwa kinachoziba tundu kinaweza kuziba pia mirija myembamba ya hita. Kwa upande wa bei, pampu hii si ya kuchezea, lakini haikaribii gharama ya kutengeneza silinda hedi iliyopinda kwa joto.

Pampu ya maji ikishabadilishwa, nitajaza kulanti mpya iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, si ya bombani, ambayo huacha magadi ndani ya rejeta. Hata mahali pasipo na baridi kulanti inahitajika, kwa sababu ndani yake mna vizuia kutu ambavyo huisha kwa muda, hata kama kiwango kwenye tangi hakijapungua. Msiiamini rangi, kwani kijani cha kampuni moja si lazima kiwe sawa na kijani cha nyingine. Someni aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Nitakayoimwaga itaingia kwenye dumu lenye kifuniko, maana ethilini glikoli ni tamu mdomoni na ni sumu, na mtoto au mnyama hawezi kujua.

Kazi ya kuibadilisha pampu ya maji nitaionyesha katika video ijayo. Kwa sasa nimefunga mfuniko mpya kwenye kifaa, na tazameni mshale: umepanda hadi 1.1, mfuniko umeachia kidogo, na mshale umesimama hapohapo.