Wakala wa ajira wa Kinondoni: tathmini ya mteja aliyehama kazi mara sita

Nilipanda ngazi za ofisi ya wakala huyu nikiwa na umri wa miaka 31, wasifu wa kurasa nne, na orodha ya waajiri sita katika miaka saba. Dada yangu mkubwa, ambaye amefundisha katika shule ileile tangu atoke chuoni, ameshazoea kuniita "mguu ndani, mguu nje", nami sijawahi kupata jibu la kumridhisha. Jina la ofisi sitalitaja kwa sababu yapo nitakayoyalaumu humu na wao hawapo kujieleza. Hata hivyo, nimeshapita kwa mawakala wa kutosha jijini Dar es Salaam kujua kwamba taratibu zao hazitofautiani sana.

Nianze na fedha. Ukutani, juu ya viti vya plastiki vya kusubiria, pamebandikwa tangazo lisemalo kwamba mtafuta kazi halipi ada yoyote, na ndivyo inavyopaswa kuwa: Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale mamlaka husika inaporuhusu kwa sababu maalumu. Chini ya tangazo hilohilo karani aliniomba shilingi 30,000 za "kuandaa wasifu". Nililipa, kwa kuwa wasifu wangu kweli ulihitaji kushonwa upya, lakini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliipata baada ya kuiomba mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale kaunta mpaka ikatoka.

Kilichonifanya nisiijutie fedha hiyo ni usaili wa ndani, ambao hufanywa kabla jina la mtu halijapelekwa kwa mwajiri yeyote. Nilikutana na mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Baada ya shikamoo na marahaba aliuweka wasifu wangu kando bila kuusoma, akachukua karatasi tupu na kuipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza ilikuwa ya mahali, ya pili ya idadi ya miezi, na ya tatu aliipa kichwa cha habari ambacho sikuwahi kukiona katika fomu yoyote: "Siku uliyoamua".

Safu ya pili ilijaa haraka. Hoteli, miezi 14. Kituo cha huduma kwa wateja kwa simu, mitano. Kampuni ya uchukuzi, minne. Shule binafsi, 19. Duka la vipuri, mitano. Kampuni ya ujenzi, tisa. Alijumlisha mwenyewe: miezi 56 ya kazi katika miezi 84, kwa hiyo miezi 28 nilikuwa nyumbani nikiandika barua za maombi. Safu ya tatu ndiyo iliyotuweka pale zaidi ya saa nzima. Hotelini, meneja alinipigia vidole kuniita mbele ya wageni, nami nikatambua kwamba hajui jina langu ingawa lilikuwa kifuani mwangu, limechongwa kwenye kibao. Katika kituo cha simu tulinyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda msalani, na dakika zake zikaandikwa. Kwenye uchukuzi mshahara ulichelewa mpaka tarehe 19 ya mwezi uliofuata. Nilipouliza, niliambiwa mlango uko wazi.

Mama aliisoma safu hiyo kutoka juu hadi chini, kisha akasema, "Mwanangu, hapa sioni hata sehemu moja uliyoondoka kwa sababu ya fedha peke yake. Hata huu mshahara uliochelewa, kilichokuondoa ni jibu ulilopewa." Fomu rasmi ya ofisi ilikuwa na kisanduku cha mshahara unaotarajiwa, kiwango cha elimu na eneo la makazi, basi. Akavaa miwani, akageuza fomu, na pembeni akaandika kwa kalamu: "Asipelekwe kwa mwajiri anayeita watu kwa kupiga vidole."

Mama huyo ndiye pia aliyenionyesha gharama ya kuhama ambayo nilikuwa siijui. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri mmoja hana kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Kiinua mgongo, ambacho ni angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, hakihesabiwi kwa aliyefanya kazi chini ya miezi 12. Kwa maneno mengine, katika sehemu tatu kati ya sita nilikuwa mtu wa kupita mbele ya sheria, na ile miezi minne na mitano niliyokuwa nikijisifu kwamba "nilijua mapema" ilikuwa ndiyo miezi ambayo mwajiri angeweza kunifukuza bila kuhangaika sana. Kisha akaniuliza vyeti vya utumishi, ambavyo sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe kila anayeondoka. Nilikuwa navyo viwili, na alinituma kuvifuata vilivyobaki. Nilirudi na kimoja zaidi.

Mpaka hapa ningeipa ofisi nyota zote. Lakini kazi ya mama inaishia mlangoni pake. Fomu huenda kwa vijana wawili wa chumba cha pili, ambao huingiza kwenye kompyuta yale tu yaliyomo ndani ya visanduku, na kilichoandikwa pembeni hubaki kwenye faili. Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu niende usaili katika ofisi moja ya mjini, mshahara mzuri, mapokezi yenye kiyoyozi. Tulikuwa watatu tunasubiri pale mhudumu alipoleta chai katika kikombe kisicho sahihi, akafokewa na mkurugenzi mwenyewe, naye akarudi nayo jikoni akiwa ameinamisha kichwa. Nilifanya usaili, nikapita, nikakataa. Kijana wa chumba cha pili alikasirika waziwazi: "Dada, mtaka cha mvunguni sharti ainame." Nilimjibu kwamba nimeinama miaka saba na mvungu naujua vizuri.

Hasira yake naielewa, na hapa ndipo penye kasoro kubwa ya huduma hii. Anayemlipa wakala ni mwajiri, hivyo mtafuta kazi huchunguzwa hadi siku aliyoamua kuondoka, ilhali mwajiri haulizwi hata watu wangapi wameondoka kwake mwaka huu. Swali hilo moja lingeniokolea nauli na asubuhi nzima.

Usaili wa pili ulikuwa Chang'ombe, kwa wasambazaji wa vifaa vya hospitali waliokuwa wakitafuta karani wa stoo mwenye uelewa wa hesabu. Aliyenisaili alinitembeza stoo kabla ya kuniuliza lolote, akanitambulisha kwa kila tuliyemkuta kwa jina lake, akiwemo mama anayedeki. Mkataba nilipewa kwa maandishi, wenye saa 45 kwa wiki na likizo ya siku 28, ambavyo ni vile vilivyomo kwenye sheria. Sasa nina mwezi wa kumi na tano, na makato yangu ya NSSF yanaonekana kila ninapoangalia. Bosi ana ukali wake na stoo ina joto la kutosha, lakini naitwa kwa jina.

Wakala alinipigia simu kila wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo kuniuliza naendeleaje, jambo lililonigusa mpaka nilipogundua kwamba mkataba wao na mwajiri unawataka walete mtu mwingine bila malipo endapo ningeondoka ndani ya muda huo. Mwezi wa nne simu zilikoma.

Nyota tatu kati ya tano. Anayekwenda abebe namba ya NIDA, picha mbili ndogo, vyeti vya utumishi alivyonavyo, na afike kabla ya saa tatu asubuhi, kwa kuwa baada ya hapo foleni hufika kwenye ngazi. Mama mwenye rula yupo Jumanne na Alhamisi. Akishaandika lolote pembeni mwa fomu, lipige picha kwa simu yako, halafu umsomee yule kijana wa chumba cha pili siku atakayokupigia.