Munchkin ya Philips G7000: punje 12, na zote zinakimbia

Mashine yenyewe niliiokota Siku ya Mfalme, tarehe 27 Aprili, siku ambayo Waholanzi hutandika mablanketi barabarani wakauza kila kilichojaa stoo. Euro 30, pamoja na kaseti sita za gemu. Kwetu jina la Philips nililijua kwenye balbu na redio. Kumbe waliwahi kutengeneza na mashine ya gemu! Huku Ulaya iliitwa Videopac G7000, na Marekani iliuzwa kwa jina la Magnavox Odyssey².

Kaseti tano nimezijaribu mara mojamoja. Ya sita, namba 38, Munchkin, ndiyo iliyonikalisha chini.

Ukiitazama kwa haraka utasema hii ni Pac-Man. Kinywa kinazunguka kwenye mzingile, mazimwi yanakifukuza, na ukila punje maalumu mambo yanageuka, unayafukuza wewe. Lakini Pac-Man ina punje zaidi ya 200 na zote zimetulia mahali pake. Hapa zipo 12 tu, na zinatembea. Kadiri unavyozipunguza ndivyo zinavyoongeza mwendo, mpaka ile ya mwisho inakwenda sawasawa na wewe. Ukiifuata nyuma huipati hata ukeshe. Ni kama kuku wa Idi: anayemkimbiza anachoka bure, anayemkamata ni yule aliyemtangulia uchochoroni. Na huku unaivizia, mazimwi matatu nayo yanakuvizia wewe. Kibanda cha katikati nacho kinazunguka, kwa hiyo mlango uliokuwa upande wako sasa hivi, ukifika umehama.

Uhai ni mmoja. Ukikamatwa, basi, unaanza upya. Mwanzoni niliona ni ukali uliopitiliza. Baada ya wiki nikaelewa kwamba ndiyo sababu siwezi kuizima: mchezo ni mfupi, na kila mara nasema nilikuwa karibu.

Aliyeiandika ni Ed Averett, na ilitoka 1981. Processa, ile chipu inayoendesha mashine, ni Intel 8048, na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, haifiki hata kilobaiti moja. Nafikiri uchache wa punje umetokana na ufinyu huo, maana mashine isingeweza kubeba vitu vingi kwenye skrini. Ila Averett hakuishia kupunguza, alizipa uhai zile chache zilizobaki. Ndiyo maana kesi yake inaniuma. Kampuni ya Atari, waliokuwa na haki ya Pac-Man kwa mashine za nyumbani, walishtaki, na Machi 1982 mahakama ya rufaa kule Chicago ikaamuru uuzaji usimamishwe Marekani. Nimecheza zote mbili, na kwa mikono yangu hizi ni gemu mbili tofauti. Huku Ulaya iliendelea kuuzwa, ndiyo maana kaseti kama yangu bado zinapatikana. Averett alirudi mwaka huohuo na Crazy Chase, ambayo kinywa kilekile kinakula mkia wa mdudu mrefu. Nzuri, lakini haijanishika vile.

Kama unataka kununua, angalia kwanza televisheni yako. Picha inapita kwenye waya wa antena, na televisheni nyingi mpya hazisomi mawimbi ya analogia. Mimi ilibidi nitafute ya zamani, ya kichogo. Joistiki jaribu pande zote kabla ya kulipa, yangu upande wa kushoto ilikuwa imechakaa. Kibodi ni bapa, haina vitufe vya kuinuka, unabonyeza kwa nguvu na kusubiri mlio.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa: unaweza kuchora mzingile wako mwenyewe. Mwaka 1981! Mpwa wangu wa miaka tisa alinitazama nikicheza akasema, "Mjomba, hebu nipe nikuwekee njia." Akanichorea kona zisizo na pa kutokea, nikakamatwa kabla sijala punje tatu, akacheka mpaka akakaa chini. Ukizima mashine kila ulichochora kinafutika, hakuna pa kuhifadhi. Kwa hiyo nimeupiga picha mzingile wake kwa simu, na Jumamosi akija tutauchora tena, ukuta kwa ukuta.