Mita za wapangaji: kabla hujauliza bei, tafuta kitufe

Nyumba yangu ya kupanga ina LUKU moja, ile mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, na kila chumba nilikifungia mita yake ndogo ili tujue nani katumia kiasi gani. Chumba cha tatu kina friji, feni mbili na redio inayolia mpaka saa sita usiku. Mwisho wa mwezi mita yake ikasoma uniti 4. Bibi wa chumba cha kwanza, mwenye taa moja na simu ya kuchaji, uniti 19. Nikamwita fundi. Akachungulia, akakibana kitufe kidogo chini ya kioo kama sekunde tano hivi. Namba zikarudi sifuri.

Mita hizo nne nilizinunua Kariakoo, 28,000 kila moja. Kwa hiyo habari za ampea usiniulize mimi, muulize fundi wako. Mimi nina swali moja tu: mpangaji anaweza kuifuta mwenyewe?

Ya kwanza kwangu ni Chint, ile ya namba za kuzunguka kama kilometa za gari la zamani. Haina cha kubonyeza. Umeme ukikatika unaisoma vilevile, wakati zile za kioo zinazimika na wewe umesimama na daftari. Ni ghali zaidi, najua, na bado ndiyo ninayoipenda. Ifungwe baada ya meni swichi, kila chumba na breka yake, boksi lipigwe kufuli na ufunguo ubaki kwako. Siku hiyohiyo piga picha ya namba zote, wapangaji wakiwepo. Wote, hata yule anayesema ana haraka.

Ya pili ni LUKU ya TANESCO kwa kila mpangaji. Kwa haki ingekuwa ya kwanza, maana anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Mkirundikana wanne kwenye LUKU moja, bei hiyo mnaisikia kwa jirani tu. Yenu ni 292. Lakini kuunganishiwa mjini ni 320,960, hata kama nguzo iko mlangoni. Zidisha kwa vyumba vyako, halafu uniambie kama ulikaa ama ulisimama. Na ile kodi ya jengo, 1,500 kila mwezi inayokatwa humo humo kwenye LUKU? Ni ya mwenye nyumba. Wapangaji wangu wanalijua hilo vizuri kuliko tarehe ya kulipa pango.

Ya tatu, mita za tokeni za watu binafsi. Nzuri, mpaka siku anayeuza tokeni asipopokea simu na watu wako gizani.

Za rahisi zenye kitufe: hapana.

Nilizirudisha dukani. Yule kijana akaniuliza risiti, yeye ambaye siku ya kununua nilipoitaka ya EFD, ile ya mashine ya kodi, alipandisha bei palepale nikaiacha. Nikamwonyesha kitufe. Akacheka.

"Mama, mbona wengine wanakuja kukiulizia hichohicho?"